Rizista ya Tatu

Sura ya Tisa

"Afande, mimi hapa simo," alisema Fyuzi kabla hajaulizwa chochote.

Inspekta, mwanamke wa maneno machache, alimpita tu. Kwa kawaida mtu anayejitoa kabla hajatajwa ndiye anayewekewa kiti cha kwanza kwenye chumba cha mahojiano, lakini Fyuzi alikuwa mtu wa kujitoa kwenye kila jambo, hata mvua ikinyesha. Alikuwa fundi umeme wa magari, mrefu, mwenye maneno mengi kuliko nyaya zote alizowahi kuunga maishani mwake. Leo aliitwa kwenye uwanja wa nyuma wa kituo cha polisi kwa sababu gari lililolala pale chini ya turubai lilikuwa limepita mikononi mwake mara kadhaa kabla Bibi hajafia ndani yake.

"Toa turubai," alisema Inspekta.

Fyuzi akalivuta. Harufu ikawapiga wote wawili usoni, harufu ya plastiki na kitu kingine kizito zaidi, na Fyuzi akageuka pembeni akajifanya anatafuta bisibisi.

Kwa nje gari lilikuwa zima. Rangi yake ilikuwa bado inang'aa, maana dereva wake alikuwa akiliosha kila asubuhi. Ni kioo kimoja tu kilichokuwa kimevunjwa, na ndani dashibodi ilikuwa imeyeyuka upande wa abiria, ikaning'inia. Kiti alichokuwa amekaa Bibi hakikuungua hata uzi mmoja. Daktari alishasema: moto haukumgusa, ni moshi.

Habari yenyewe ilikuwa fupi, na ilikuwa imemkaa Inspekta vibaya tangu mwanzo. Bibi alikuwa mzee wa mapafu mabovu. Dereva wa familia, ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu kwa sababu aliendesha pole pole mpaka kuku wakawa hawamkimbii, alimtoa kliniki akamleta mpaka duka la dawa. Akamwacha ndani, injini ikinguruma, feni ya kiyoyozi ikiwa kwenye upepo wa kwanza, vioo vimepandishwa kwa ajili ya vumbi, milango imefungwa kwa ufunguo wa akiba kwa ajili ya vibaka. Bibi alikuwa amesinzia. Taratibu aliporudi na mfuko wa dawa, vioo vilikuwa vyeusi kwa ndani.

Binti wa marehemu, mshona sare za shule, hakumung'unya maneno. Alisema mama yake ameuawa. Alisema jana yake, kwa masikio yake mwenyewe, alimsikia Taratibu akimwambia mama: "Leo haya nayamaliza." Na Inspekta, ambaye alifika pale dukani akamkuta dereva amekaa ukingoni mwa barabara, mikono myeusi, hasemi lolote, alimtia pingu bila kufikiri mara mbili. Sasa jalada lilikuwa mezani mwake likiwa limeandikwa mauaji, na asubuhi ya kesho lilitakiwa kwa mwendesha mashitaka. Mkuu wa kituo alishapiga simu kuulizia. Alisema familia inalia, mtu yuko ndani, kuna kinachosubiriwa?

Inspekta mwenyewe hakujua kinachosubiriwa. Alijua tu kwamba watu wanaoua wazee wa watu hawarudi na mfuko wa dawa, ndani yake mkiwa na pipi za tangawizi ambazo hazikuandikwa na daktari.

"Tuanze mwanzo," alimwambia Fyuzi. "Umeme unatoka wapi, unakwenda wapi?"

"Unatoka betri. Unapita kwenye fyuzi, unapita rilei, ile swichi inayowashwa na umeme, unakwenda kwenye feni. Ukitoka kwenye feni unapita rizista, unafika kwenye swichi ya upepo, halafu unarudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Njia ni hiyo, Afande, hata mtoto anaijua."

"Basi tuipite kama watoto."

Wakaipita. Fyuzi akafungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa ya feni, akainyanyua juani. Uzi wake ulikuwa mzima, na namba yake ilikuwa ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko. Hakuna aliyeweka fyuzi kubwa kuliko inayotakiwa. Akaitoa rilei, akaitia umeme wa pembeni, ikalia tik. Swichi ilikuwa imeyeyuka kidogo upande mmoja lakini migusano yake ilikuwa safi.

"Kama fyuzi haikukatika," alisema Inspekta, "umeme haukuzidi."

"Umeme haukuzidi. Kilichozidi ni joto. Ni vitu viwili tofauti hivyo."

Akalala chali sakafuni mwa gari, miguu nje, akaingiza mkono chini ya dashibodi. Akalalamika, akamlaani aliyetengeneza gari, akatoka na kipande cha plastiki kilichokunjamana chenye koili tatu nyeusi. Akakiweka kwenye kiganja cha Inspekta.

"Rizista ya feni. Ukiweka upepo wa nne, umeme unaikwepa hii, feni inakula umeme wote. Ukiweka wa kwanza, wa pili au wa tatu, umeme unapita kwenye hizi koili, zinaupunguza. Zikiupunguza zinapata moto. Ndiyo maana zinachomekwa ndani ya njia ya upepo, ili feni ileile izipoze."

"Na hiki kichwa kidogo hapa katikati?"

"Kinga ya joto hiyo. Koili zikipata moto kupita kiasi, inakatika. Upepo mdogo wote unakufa, unabaki wa nne peke yake. Gari likija kwangu mtu anasema feni haisikii mpaka niweke ya mwisho, mimi hata sishiki mita, najua ni..."

Alikuwa amekiona alichokuwa anakitazama Inspekta. Juu ya kile kichwa kidogo, kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kulikuwa na waya mwembamba wa shaba uliosokotwa kwa vidole.

"Mimi simo," alisema tena Fyuzi, na safari hii sauti ilimtoka ndogo. "Afande, tazama. Mimi naunga kwa lehemu. Huo umesokotwa kama mtu anafunga mfuko wa karanga. Na mimi siwezi kuiziba kinga, umeme uipite pembeni. Ukiiziba, koili zinawaka mpaka ziwe nyekundu na hakuna wa kuzizuia."

"Ni rizista yako?"

"Ni ya tatu. Ile iliyokuja na gari iliungua, nikaweka nyingine. Nayo ikaungua. Nikaweka hii. Ikaungua tena, nikamwambia Taratibu asubiri mpaka wiki inayofuata niagize."

"Na mambo ya kinga uliyaeleza mbele yake?"

Fyuzi akajikuna shingo. "Mimi nikiwa kazini naongea, Afande. Wote wanajua. Nilimwonyesha. Nikamwambia kitu chenyewe kilichokatika ni hiki kidogo tu, na watu wanaubadilisha mzigo wote."

Basi waya ulikuwa wa dereva. Mtu yeyote mvivu angefunga jalada hapo, na jalada lingependeza: amefundishwa, ameziba kinga, amefunga milango, ameondoka, na maneno aliyoyasema jana yake yamesikiwa. Inspekta aliigeuza rizista mara kadhaa. Hakuwa fundi, ila alikuwa mshenga wa maswali siku nyingi, na lilikuwepo moja lililokuwa halijapata mume.

"Ya kwanza iliungua, ya pili ikaungua, ya tatu ikaungua," alisema. "Zote zilipoungua hazikuwa na waya. Ziliunguzwa na nini?"

"Mota," alisema Fyuzi upesi. "Mota ya feni imechoka. Mota ikichoka inazunguka kwa shida, inavuta umeme mwingi, rizista inaumia. Naapa, Afande, itoe uone."

Waliitoa. Ilikuwa na masizi lakini ilikuwa nzima. Fyuzi akaifunga kwenye betri aliyokuja nayo, akaweka mita katikati, akasogea nyuma kama mwenye duka anayesubiri kusifiwa. Mota ikazunguka, nyepesi, bila kelele, ikipuliza masizi kwenye viatu vya Inspekta. Namba kwenye mita ikatulia mahali pake.

"Inavuta mwingi?"

"Hapana," alisema Fyuzi, akiitazama mita kwa kinyongo. "Inavuta inavyotakiwa."

"Mota nzima. Umeme haukuzidi. Koili zikaungua. Umeniambia koili zinapozwa na nini?"

Fyuzi akaichomoa mota kwenye betri. "Na upepo."

"Uliwahi kufungua upande wa juu, pale nyuma ya droo ya dashibodi, uone kama upepo unapita?"

"Rizista inafikiwa kwa chini, Afande."

"Sikukuuliza inafikiwa wapi."

Fyuzi akainamisha kichwa. Mwaka jana, alisema, alilitoa chujio la hewa lililokuwa limejaa vumbi na majani, akalitupa, akamwambia Taratibu atafute jingine. Halikutafutwa. Magari mengi yanatembea bila chujio. Kwa hiyo alijua mwanya wa chujio, pale nyuma ya droo, uko wazi tu, hauna kitu cha kutazama. Mara tatu alikuwa amekitazama kilichoungua, na hata mara moja hakuuliza kinachounguza. Hilo alilisema mwenyewe, bila kujitoa, na Inspekta akamwona kwa mara ya kwanza hana la kuongeza.

Droo ya dashibodi ilikuwa imeng'oka, imelala sakafuni kwenye maji meusi. Inspekta alikuwa amedhani wazimamoto ndio walioing'oa. Sasa akachuchumaa akazitazama bawaba zake. Zilikuwa zimevunjwa kwa kuvutwa kwa mikono, na kwenye ukingo wake plastiki laini ilikuwa imebaki na alama za vidole vinne vilivyozama ndani yake. Aliyeing'oa aliing'oa ikiwa inawaka.

Akawasha tochi akamulika mwanya uliokuwa nyuma yake. Haukuwa wazi. Ulikuwa umejaa kitu cheusi kilichoganda kama uji ulioungulia. Akaingiza koleo la Fyuzi, akavuta taratibu, na kile kitu kikatoka kwa vipande: sponji ya godoro iliyoyeyuka, ile ambayo ikiungua moshi wake hausamehe mtu, na pembeni yake, mahali ambapo moto haukufika, ukanda wa kitambaa cha rangi ya maruni. Kingo zake zilikuwa zimeshonwa kwa mashine, mshono wa kuzungushia, uliobana na wa sawasawa. Kwenye kona palikuwa na kitanzi kidogo cha utepe.

"Nani anashonea gari nguo?" aliuliza Fyuzi.

Inspekta alikitia kwenye mfuko wa ushahidi. Alikuwa na wazo la nani, na hakulipenda hata kidogo.

*

Taratibu aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na bandeji kwenye vidole vya mkono wa kulia. Alikaa bila kuegemea. Inspekta akaweka mfuko wa kwanza mezani, wenye rizista.

"Uliniambia hujawahi kugusa umeme wa gari."

"Sijagusa."

"Chumbani kwako tumekuta chaja ya simu iliyokatwa waya. Waya wenyewe uko hapa."

Dereva aliutazama ule mfuko. Halafu mabega yakamshuka. "Nimegusa," alisema.

"Kwa nini?"

"Bibi alikuwa hawezi upepo wa nne. Unampiga usoni, anakosa pumzi. Nikiuzima, joto linambana, anakosa pumzi vilevile. Akawa ananiuliza, mwanangu, hakuna katikati? Kila safari, hakuna katikati? Fyuzi akasema wiki inayofuata. Kliniki ilikuwa kesho yake." Akavuta ncha ya bandeji. "Nikamwambia Bibi, leo haya nayamaliza. Nikakaa na chaja yangu, nikayamaliza. Tulipotoka asubuhi nikamwekea upepo wa kwanza. Akafurahi, Afande. Akaniambia, kumbe kulikuwa na katikati."

Inspekta akausogeza ule mfuko pembeni. "Ungeniambia haya siku ya kwanza."

"Niliogopa."

"Unaogopa kesi ya uzembe, unakubali kesi ya mauaji? Hesabu gani hiyo?"

Inspekta akaweka mfuko wa pili, wenye kile kitambaa. Dereva alikitupia jicho mara moja, akageuza uso ukutani, na hapo Inspekta akajua kwamba hakuwa amekosea.

"Hiki unakijua?"

"Sikijui."

"Vidole vyako viliungua wapi?"

"Ufunguo ulinidondoka, nikavunja kioo. Ni hapo."

"Kioo kinakata, hakiunguzi. Ulivunja kioo, ukamtoa Bibi, ukamlaza chini. Halafu ukarudi ndani ya moshi, ukaing'oa droo. Ulitaka kuzima moto, ukakiona hiki kinawaka. Ukakijua ni cha nani, maana rangi hii unaiona kila siku pale nyumbani."

"Afande, waya ni wangu. Andika waya."

"Waya bila hiki usingeua. Na hiki bila waya kisingeua. Nitaandika vyote."

"Andika waya peke yake." Akausukuma ule mfuko wa pili. "Nakuomba. Mimi ndiye niliyeziba, mimi ndiye niliyefunga milango. Milango ile haina waya wala kitambaa, ni mimi tu na ufunguo wangu. Nimekula kwa yule mama tangu sijaota ndevu. Kaa na hiki kitu au kitupe, mimi sitasema."

"Yule anayetaka ufungwe maisha ndiye unayemfichia."

"Analia. Kila mtu ana namna yake ya kulia." Akajifuta pua kwa nyuma ya bandeji. "Mimi hata wakiniweka ndani, siku moja nitatoka. Yeye akiambiwa hili, atatokea wapi?"

Inspekta alikusanya mifuko yake miwili, akamwambia askari wa zamu ampe maji, akatoka. Alijuta kwamba alikuwa mwepesi wa pingu siku ile, na alijuta zaidi kwamba kazi iliyobaki hakuna wa kumtuma.

*

Chumba cha cherehani kilikuwa upande wa mbele wa nyumba. Sare za shule za rangi ya maruni zilikuwa zimening'inia ukutani kwa mistari, zote hazina watu ndani yake, na binti wa marehemu alikuwa amekaa katikati yao akikata nyuzi. Kazi haikuwa imesimama, maana shule zinafunguliwa hata mtu akifiwa. Alipomwona Inspekta akaweka mkasi chini.

"Karibu, dada. Amekiri?"

"Amekiri waya."

"Nilijua." Hakuonyesha kufurahi. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Watu walinishangaa. Wakasema, Taratibu? Taratibu wa kubeba kiti cha mama? Nikawaambia nimemsikia mimi. Sasa mbane na jambo jingine, dada. Muulize amelipeleka wapi chujio langu."

Inspekta alikuwa bado amesimama. Akavuta kigoda, akakaa. "Chujio gani?"

"Nilimshonea mama chujio. Vumbi lilikuwa linamuua kwenye gari lile, kila akirudi anakohoa mpaka anashika ukuta. Fundi wao alitupa lile la zamani, wakakaa kimya, wanaume wawili wazima. Nikaenda mwenyewe na futi yangu. Nikafungua ile droo, nikapima mwanya." Mikono yake ilipima hewani huku akisema, na vipimo vilikuwa sahihi. "Nikakata sponji ya godoro, nene hivi. Nikaivisha kitambaa tabaka mbili, kingo nikapitisha ovaloki isichanike. Nikaweka na kitanzi, ili niwe nalitoa Jumapili nalifua. Lilikaa kama limezaliwa mle. Hata Taratibu sikumwambia, angesema namwingilia kazi."

"Na mama?"

"Akaacha kukohoa. Muulize yeyote humu ndani. Akaacha kabisa." Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. "Ndiyo nakuambia. Chujio lile lingekuwepo siku ile, ule moshi usingempata mama yangu. Aliyelitoa alijua anachokifanya."

Inspekta alisikia cherehani nyingine ikilia kwenye nyumba ya jirani. Mfuko ulikuwa ndani ya mkoba wake, na mkoba ulikuwa umefungwa, na kwa kitambo kidogo aliyafikiria maombi ya dereva kwa moyo wote. Aliona jinsi lingewezekana. Waya peke yake, uzembe, ukurasa mmoja. Lakini ukurasa huo ungemwacha mwanamke huyu amchukie asiyestahili mpaka anazeeka, na Taratibu akatoka gerezani akute mlango umefungwa.

"Dada," alisema, "ulipolipachika, upepo wa feni ulikuwaje?"

"Ulipungua kidogo. Nikajua ndiyo vumbi linazuiwa."

"Baada ya hapo feni haikusumbua?"

"Ilisumbua sana. Ule upepo mdogo ukawa unakufa. Fundi akabadilisha kifaa, ukafa tena, akabadilisha tena. Mama akawa..."

Akakomea hapo. Alikuwa mtu wa vipimo, mtu wa kujua kwamba nguo ikibana kwapani kosa liko begani, na Inspekta aliona akilini mwa binti vipande vikilazwa kimoja juu ya kingine.

"Kabla ya hapo ilikuwa haifi," alisema binti.

"Kifaa kile kinapozwa na upepo."

"Kabla sijaweka, ilikuwa haifi."

Inspekta akafungua mkoba. Akauweka mfuko juu ya meza ya kukatia, kati ya chaki na mkasi. Alimwambia yote, kwa maneno machache na kwa mpangilio: vile vifaa vitatu, waya wa chaja na sababu yake, sponji, droo iliyong'olewa, vidole. Akamwambia hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Alilirudia hilo mara mbili, na mara zote mbili lilionekana halimsaidii mtu.

Binti alivuta mfuko karibu. Akaugeuza chini ya taa ya cherehani, akaufuata ule ukanda kwa kidole juu ya plastiki, kutoka mwanzo wa ukingo mpaka kwenye kitanzi.

"Mshono haukufumuka," alisema.

Alibaki ameinama pale. Inspekta hakumgusa, maana hakujua pa kumgusa. Baada ya muda binti akavua futi iliyokuwa shingoni, akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya droo.

"Taratibu alijua?"

"Alijua tangu siku ile."

"Na hakusema?"

"Aliniomba nisikuambie."

Binti akasimama. Nyuzi za maruni zilikuwa zimemng'ang'ania gauni mapajani, hakuzipangusa. "Nipeleke," alisema.

*

Gari la polisi lilikuwa limekaa juani, ndani kulikuwa kama tanuri. Inspekta alipowasha injini feni ikaanza kuvuma, upepo ukamfika binti kifuani, naye akaukodolea macho ule mwanya. Inspekta akaizima. Wakashusha vioo. Barabarani lori lilikuwa limetangulia na vumbi likawa linaingia lote, likawakaa kwenye nyusi na kwenye midomo. Binti akakohoa.

"Nipandishe?"

"Acha."

Wakaenda hivyo mpaka kituoni.

Inspekta alimweka kwenye benchi la ukumbini, akaenda mwenyewe kumtoa Taratibu. Jalada lilikuwa mezani. Alilikata neno mauaji kwa mstari mmoja, akaandika kosa dogo zaidi, na chini yake akaanza maelezo mapya. Alijua mkuu wa kituo atapiga kelele, na alijua kelele hizo zitapita. Dereva angelala kwake leo kwa dhamana, na kesi iliyobaki ilikuwa kesi ya uzembe ambayo hakimu yeyote mwenye mama angeisoma mara mbili.

Alipokuwa anamfungulia mlango, Taratibu alikuwa karibu kutabasamu, akidhani ombi lake limesikiwa. Wakatokea ukumbini. Binti akainuka kwenye benchi. Dereva aliuona uso wake, akaziona nyuzi kwenye gauni, akauona mfuko aliokuwa ameushika kwa mikono yote miwili kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyang'anya.

Akamgeukia Inspekta.

"Nilikuomba, Afande," alisema.

Binti akaja, akaushika ule mkono wenye bandeji, akaugeuza huku na huku akiutazama. Bandeji ilikuwa imefungwa ovyo na askari wa zamu, ncha yake ikining'inia. Akakaa naye kwenye benchi, akaifungua, akaanza kuifunga upya, vizuri, kuanzia vidoleni, na alikuwa ameshafika kwenye kifundo ndipo machozi ambayo hayakumtoka hata makaburini yakaanza kumdondoka juu ya kitambaa cheupe.